Uso Niliouiba Kando ya Kaburi

Nitukaneni tu. Nimekaa na hili jambo muda mrefu, na leo nalisema: nilikosea, nilikosea vibaya, na aliyeumia si mimi.

Jina langu sitaji. Mimi ni mwanamke, naishi Nyeri mjini, na kazi yangu ni kupiga video. Harusi, ruracio za kupeleka mahari, sherehe za wachungaji, na zaidi ya yote mazishi. Huku kwetu siku hizi mtu hazikwi bila video. Watoto walio ng'ambo wanataka kuona, shangazi aliyekosa nauli anataka kuona, na hata wale waliokuwepo wanataka kuona kama walionekana.

Na sisi wapiga video wa mazishi tuko na tabia moja mbaya. Hatutazami jeneza, tunatazama nyuso. Nani analia sana, nani halii, nani ameshikwa mkono asianguke. Macho yangu yalizoea hivyo miaka mingi, na hapo ndipo balaa yangu ilianzia.

Sasa, mimi nilikuwa na ndoto. Nichekeni! Nilitaka kutengeneza filamu.

Hadithi niliitunga mwenyewe. Kuna grupu ya mtandaoni, vijana wanachat kila siku, lakini wengi hawajawahi kuonana uso kwa uso. Mmoja anauawa. Wenzake wanakutana mara ya kwanza kwa mazishi yake. Halafu wa pili anauawa, wanakutana tena. Muuaji ni mmoja wao, na kila mazishi anakuja, anasimama karibu na kaburi, anaandika kwa simu: "Mmoja ameenda. Nani anafuata?"

Si ni tamu? Niliona kabisa nimefika. Niliona watu wakinisimamisha barabarani.

Bajeti ilikuwa ni mimi na kamera yangu ya mazishi. Waigizaji walikuwa binamu yangu Shiro, msichana wa Kianyaga aliyekuja kusoma ususi hapa mjini, pamoja na wenzake wa chuo. Niliwalipa na chipsi na soda. Damu ilikuwa maji ya bitiruti tukichanganya na unga kidogo. Kisu kilikuwa cha jikoni kwetu, na mama yangu alikitafuta siku nzima akate kabeji, akilaani majirani. Mkono wa muuaji, ule unaoonekana kwa karibu ukiandika kwa simu, ulikuwa wangu mimi mwenyewe. Nilitoa rangi ya kucha, nikavaa saa ya marehemu baba na mkono wa shati lake, ila alama yangu ya kuungua karibu na kidole gumba ilibaki kuonekana. Mkumbuke huo mkono.

Tulicheka sana hizo wiki. Wueh, tulicheka! Shiro alikuwa akikufa vibaya mpaka tunarudia, anafungua jicho moja kuuliza kama amekufa vizuri.

Shida ikawa mazishi. Filamu yote iko kwa mazishi, na mimi sina umati, sina jeneza, sina kaburi. Nilienda kwa fundi wa majeneza kuomba anikodishie moja nusu siku. Alinitazama kutoka kichwa hadi viatu. "Jeneza likitoka hapa halirudi. Nikirudisha, nani atanunua? Nenda, nenda, usiniletee mkosi asubuhi." Nikaenda kwa akina mama wa kanisa letu, nikawaambia wavae leso waje walie kidogo tu. Mmoja akaniambia, "Wewe kairitu, msichana wa watu, ati tulie na hakuna aliyekufa? Unataka tumwite nani?" Wengine wakaanza kuomba papo hapo, wakinishika kichwa.

Ndio nikakumbuka kompyuta yangu. Mazishi nilikuwa nayo, mengi! Yamejaa humo ndani.

Na kati ya hayo yote nikachagua ya Kariuki.

Kariuki alikuwa kijana wa Giakanja, wa bodaboda, mtoto wa pekee wa mama mjane. Alianguka na pikipiki kwenye daraja asubuhi moja ya ukungu. Polisi walisema ni ajali. Lakini helmeti yake haikupatikana, na mama yake alishikilia hiyo helmeti. Kwa mazishi nilimsikia mwenyewe akiuliza kila mtu, "Na helmeti iko wapi? Mtu anaweza kuanguka na helmeti iende peke yake?" Watu walikuwa wakimshika bega na kutazama chini.

Nilichagua yake kwa sababu ya vile mama huyo alilia. Mungu wangu, naona aibu hata kuandika. Nilijiambia hakuna mwigizaji anaweza kulia hivyo.

Na kulikuwa na uso mwingine. Rafiki ya Kariuki, Muriuki, yule wa kutengeneza simu pale sokoni Giakanja. Walikuwa wamelelewa pamoja, kama chanda na pete. Kwa mazishi Muriuki hakulia. Alisimama kando ya kaburi, simu iko karibu na sikio, halafu akaiteremsha, akaitazama, akatabasamu kidogo. Kidogo tu. Kamera yangu ilimshika hapo hapo.

Ni nani anaweza kuacha uso kama huo? Mimi niliuchukua.

Shiro alikataa. "Aki usifanye hivyo. Hao ni watu."

"Nitaziba picha ya marehemu na jina lililo kwenye msalaba. Nani atajua?"

"Mamake atajua."

"Mamake ni mama wa ng'ombe na kahawa, Shiro. Ataona filamu wapi?"

Hivyo ndivyo nilisema. Kwa mdomo huu.

Basi nikaunganisha. Mama analia, jeneza linateremka, kisha uso wa Muriuki akitazama simu, kisha mkono wangu unaandika "Mmoja ameenda. Nani anafuata?", kisha Muriuki anatabasamu. Nikaweka na muziki wa kutisha. Nilipoitazama mara ya kwanza nilipiga makofi peke yangu kwa duka langu la video!

Nikatoa trela kwa mtandao. Ilishika moto. Watu wa Nyeri, wa Karatina, wa Nanyuki, wote wanatumiana. "Huyu jamaa wa tabasamu ni nani? Ameigiza mpaka nimeogopa!" Hoteli moja ya hapa mjini ikakubali kunipa ukumbi niionyeshe. Nilikuwa nikitembea nikijisikia mtu.

Halafu Mama Kariuki akanipigia simu.

Kumbe alipeleka maziwa asubuhi, na pale kwa foleni jirani yake akawa anaonyesha wenzake trela. Mama hakuona kwanza. Alisikia. Alisikia kilio chake mwenyewe kikitoka kwa simu ya mtu. Namba yangu alikuwa nayo, iko kwenye ile flashi ya mazishi niliyompa.

"Ni wewe ulipiga video ya kijana yangu?"

"Ni mimi, mami. Habari ya huko?"

Nilikuwa nimejitayarisha anitusi. Nilitamani anitusi! Badala yake akaanza kulia pole pole. "Mungu akubariki, mtoto wangu. Nilijua. Niliambia polisi, nikaambia chifu, nikaambia hata pasta, Kariuki hakuanguka hivyo hivyo. Wakaniona nimechanganyikiwa na huzuni. Kumbe wewe ulikuwa unajua."

"Mami, ile ni..."

"Najua unaogopa. Ndio maana umeiweka kama hadithi. Niambie tu, ni Muriuki?"

Jamani. Ningesema, "Hapana, ni filamu, nilitunga." Basi. Ingeishia hapo. Angenikasirikia, labda angenipeleka kwa chifu kwa kutumia mazishi ya mtoto wake bila ruhusa, labda ule ukumbi ungenipotea. Nilifikiria ukumbi. Naapa, mama analia kwa sikio langu na mimi nafikiria ukumbi!

Nikasema, "Mami, hayo mambo si ya kuongea kwa simu."

Nikasikia akipenga kamasi. Halafu akasema, "Nimekuelewa," akakata.

Alielewa nini? Nilijua kabisa ameelewa nini. Nikamwambia Shiro mama amepiga. Shiro akaniuliza kama nimemwambia ukweli. Nikasema nitamwambia filamu ikishaonyeshwa. Shiro aliacha kusuka, akanitazama kwa kioo. Mteja wake ndiye alisema, "Endelea bwana, nywele zinakauka."

Siku ya soko Mama Kariuki alienda Giakanja, akasimama mbele ya kibanda cha Muriuki. Hakupiga kelele. Alimuuliza tu, "Muriuki, Kariuki alikuambia nini ya mwisho?"

Muriuki akasema, "Alinitumia sauti, Mama. Asubuhi hiyo."

"Na hukuniambia?"

"Niliogopa kukuumiza."

"Nionyeshe hiyo simu."

Watu walikuwa wameshasimama. Wengi walikuwa wameona trela. Kijana mmoja akapaaza sauti, "Si ndiye huyu wa tabasamu!" Na hapo ikawa imeisha. Walimtoa kwa kibanda wakimvuta na shati. Simu yake ilikanyagwa mpaka ikawa unga. Kibanda kikawashwa moto na simu za watu zikiwa ndani. Mama Kariuki hakumgusa, hiyo lazima niseme. Alikaa chini kwenye vumbi, akafunika uso na leso. Nadhani hakutarajia hivyo. Nadhani alitaka tu kuambiwa.

Na mmoja wao akachukua jiwe akasema, "Mkono ni huu uliandika! Ushikeni!"

Waliushika. Waliuweka juu ya ngazi ya duka jirani.

Mimi niliona kwa video. Mtu alinitumia, ati nione muvi yangu imeamsha watu. Mkono wa Muriuki! Hakuandika chochote yule kijana. Mkono ulioandika ulikuwa huu wangu, umeshika simu nikitazama.

Na mjue kitu kingine. Chini ya hiyo video watu walikuwa wakiandika, "Hii sehemu ya pili ni kali kuliko ya kwanza." Walidhani tunaigiza!

Nilifuta trela saa hiyo. Ilisaidia nini? Ilikuwa kwa simu za watu mpaka Isiolo. Ukumbi nikakataa mwenyewe, ati niko mgonjwa. Lakini kusema ukweli mbele ya watu, sikusema. Nilikaa ndani. Nilikuwa nikisikia pikipiki imesimama nje, nadhani wamenijia mimi. Mama yangu alifikiri nina mimba.

Nilisikia Muriuki ametoka hospitali na vidole havikunjiki. Nilisikia hakuweza kurudi Giakanja, wazazi wake wamempeleka kwa mjomba wake Wang'uru, kule Mwea kwenye mashamba ya mchele. Shiro ndiye alinisukuma. Alikuja nyumbani na mkoba wake begani, akasema, "Leo tunaenda Mwea, ama nitoke kwa maisha yako."

Tulimpata shambani. Mpunga ulikuwa unakaribia kuiva na kazi yake ilikuwa kufukuza ndege. Kuna kamba ndefu zimefungwa makopo, unavuta yanalia, ndege wanaruka wote pamoja kisha wanashuka mbele kidogo. Ni kazi ya mkono mmoja. Mkono mwingine alikuwa ameuficha ndani ya sweta, na jua lile la Wang'uru linachoma.

Alinijua mara moja. "Wewe ni ule wa kamera."

Nilipiga magoti kwenye ukingo wa mtaro. Nikamwambia yote, ukumbi, simu ya mama, mkono wangu. Nilitarajia anitukane, anisukume kwa maji. Alikuwa tu akivuta kamba.

"Unajua nilikuwa natabasamu nini?" akaniuliza.

"Sijui."

"Kariuki alikuwa amenitumia sauti akiwa njiani asubuhi ile. Alikuwa anasema ukungu ni mwingi mpaka abiria wake alishuka kuongoza pikipiki na miguu. Ati kama mtu anapeleka ng'ombe. Anacheka hapo kwa sauti, unajua vile alikuwa anacheka. Halafu anasema amemfikisha huyo abiria akamwachia helmeti aende nayo, kwa sababu ni mzee na baridi ni kali." Akatazama ndege wakishuka. "Wakati wanamteremsha, mimi niliona nisikize hiyo sauti badala ya mchanga. Basi nikacheka kidogo."

Helmeti! Mnasikia? Helmeti ilikuwa na mzee fulani njiani. Jibu la mama lilikuwa kwa ile simu iliyokanyagwa!

Shiro alianza kulia. Mimi nilikauka.

"Niulize tu kitu moja," Muriuki akasema. "Ile video ya mazishi, ile nzima, bado uko nayo? Ulikuwa karibu na mimi. Sauti ya Kariuki lazima iliingia. Mama akiisikia atajua."

Ee Mungu. Wenye kazi hii watanielewa. Flashi ya familia haina sauti za pale, huwa tunazitoa tunaweka nyimbo, kwa sababu watu hawapendi kusikia watu wakikohoa na kelele za sepetu. Na ile video yenyewe, ile mbichi isiyokatwa, nilikuwa nimeifuta. Nilihitaji nafasi kwa kompyuta ya kutengenezea filamu. Nilibakisha tu vile vipande nilivyotaka: kilio, jeneza, na tabasamu. Tabasamu nalo nililitoa sauti nikaweka muziki wangu.

Nilimwambia. Alitingisha kichwa kama mtu aliyeambiwa fundi hayupo, rudi kesho. Kisha akavuta kamba, makopo yakalia, ndege wakaruka.

Siku iliyofuata nilienda Giakanja kwa Mama Kariuki. Nilienda mchana, nipitie kwa watu, wanione. Alinikaribisha ndani, akanichemshia chai ya maziwa, akanikalisha kwenye kiti kilicho chini ya picha ya Kariuki. Nilimwambia yote. Nilimwambia nilitunga. Nilimwambia habari ya sauti, ya ukungu, ya yule mzee na helmeti. Nilivua sweta nikamwonyesha mkono. "Tazama, mami. Mkono unaoandika ni huu. Alama ya kuungua hii hapa, hata kwa filamu inaonekana."

Aliushika mkono wangu na mikono yake yote miwili. Aliutazama muda mrefu. Nikasema, asante Mungu, ameona.

"Wamekupatia nini?" akaniuliza.

"Nani, mami?"

"Watu wa Muriuki. Wamekuja kwako, si ndio? Wamekutisha?" Alinipapasa mkono vile mtu hupapasa mtoto mgonjwa. "Usiogope, mtoto wangu. Mimi nilikuelewa ile siku ya simu. Ungekuwa ni uongo, si ungeniambia ile siku?"

  Ni kweli ningemwambia ile siku.

"Mzee wa helmeti!" akasema, akicheka kidogo na machozi. "Miezi yote hii mzee hajarudisha? Hata wewe unaona hiyo haiingii akilini."

Nililia, nikaapa kwa jina la mama yangu, nikaapa kwa Biblia yake iliyokuwa pale mezani. Alinifuta uso na leso yake. Halafu akaniuliza kitu, na alikiuliza kwa upole sana, akiwa ameinama karibu nami.

"Ile filamu ikiisha, anashikwa?"

Sikumwambia. Katika hadithi yangu muuaji hashikwi. Niliona hivyo ndivyo itawatisha watu zaidi.

Tangu siku hiyo nimerudi kwake mara nyingi. Nimeenda kwa chifu, nikasema mbele ya watu kwa baraza, na watu wakanong'onezana kwamba nimenunuliwa. Nimezunguka barabara ya lile daraja nikiuliza kila mzee kama alipewa helmeti na kijana wa pikipiki asubuhi ya ukungu. Wengine wananifukuza. Wengine wananihurumia wananipa ndizi. Sijampata. Labda hakuwa mtu wa huku, labda alikuwa anapita tu. Sitaacha kuuliza.

Mama Kariuki ananipenda. Hiyo ndiyo adhabu yangu. Nikienda ananichinjia kuku, na Muriuki akitajwa anatema mate.

Nyinyi vijana wa kamera, wa simu, wa trela na vichekesho, nisikieni. Huyo mtu unayechukua sura yake ati ni sekunde chache, ako na mamake, ako na soko analoenda. Mkishaiachia hairudi, hata mkipiga magoti. Na ukipigiwa simu na mtu anakuuliza kama ni kweli, jibu saa hiyo hiyo! Usiseme tutaongea. Usifikirie ukumbi. Mimi nilikuwa na dakika moja tu ya kusema ukweli na uaminike, nikaitupa, na sasa nausema kila siku na hakuna anayeutaka.

Na kama wewe ni mzee, na asubuhi moja ya ukungu kijana wa bodaboda alikuvalisha helmeti yake akakuambia baridi ni kali baba, tafadhali ipeleke Giakanja. Uliza kwa Mama Kariuki, watakuonyesha. Mwambie alikuwa anacheka.

Mimi mkono wangu uko mzima. Ndio huu umeandika.